Kufuli, Nati na Fizikia ya Mdogo Wangu

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, na hapo ndipo dunia inaporekebishwa kila asubuhi kabla jua halijawa kali. Upande wa kushoto hukaa Breki, dereva wa lori mstaafu, aliyepata jina hilo siku breki zilipomkataa mteremkoni. Katikati ni Mizani, mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa sababu mwili wake haukubali pembeni. Mama Kahawa yuko mbele yetu na birika lake. Na mimi ni Bingwa, niliyeacha shule kidato cha pili baada ya kuona walimu wananichelewesha. Jumatatu moja mdogo wangu wa kike, aliye kidato cha tatu, alikuwa maabara akifanya mtihani wa vitendo wa fizikia. Anayeshindwa anaondolewa kwenye darasa la sayansi, na yule mtoto hataki kuwa kitu kingine ila mhandisi wa umeme. Redio ya nyumbani haijawahi kukaa na kifuniko tangu ajue kushika bisibisi. Jana yake, Jumapili, alipita kijiweni kutuuliza: kitu kizito kikining'inizwa kwenye kamba, kinabembea haraka kuliko chepesi? Tukamjibu. Tena tukamwonyesha kwa macho.

— Leo tutatajwa darasani, — Breki akasema. — Atawaambia, nimefundishwa na watu wa kazi.

— Atawaambia amefundishwa na kaka yake, — nikamsahihisha. — Nyie mlishika kamba tu.

— Nani alisema kizito ndicho chenye haraka? — Mizani akadakia. — Si mimi? Vyuma nimebeba maisha yangu yote. Chuma kizito kikikuponyoka hakikuombi ruhusa.

— Na lori je? Lori tupu linateremka kwa madaha kama bibi harusi. Lipakie saruji uone! Mimi niliona, mpaka nikaruka nikaliacha liende lenyewe.

Mama Kahawa akacheka.

— Jana sikuwepo. Hebu nionyesheni na mimi huo ufundi wenu.

Mtu aniombe nionyeshe halafu nikatae? Nikachukua kufuli zito la Mizani na nati moja kutoka kwenye gunia lake. Kamba za jana hazikuonekana, nikaomba uzi kwa Mama Kahawa, nikaukunja katikati, nikaukata. Nikafunga kufuli huku, nati kule, kwenye bomba linaloshikilia turubai la kivuli la kinyozi. Nikaviachia pamoja.

Vikaenda. Vikarudi. Vikaenda tena, bega kwa bega, kama askari wa gwaride.

— Umesukuma nati, — Mizani akasema.

— Sijasukuma, nimeachia.

— Basi umeachia vibaya.

Nikarudia. Gwaride lilelile.

— Upepo huo, — Breki akasema. — Unaibeba nati.

— Upepo gani, wakati moshi wa jiko langu umesimama wima? — Mama Kahawa akauliza.

— Basi kufuli bovu. Makufuli ya siku hizi uzito wake wa nje tu, ndani hewa.

— Kufuli langu usiliguse! — Mizani akawaka. — Tatizo ni nati. Hiyo imetoka kwenye gurudumu la mbele la basi. Imezoea mwendo.

Ikabidi niingilie, maana wazee walikuwa wanapotea.

— Sikilizeni. Ni ardhi. Jana Jumapili ilikuwa imepumzika, inavuta kwa nguvu zote. Leo imeshakanyagwa tangu alfajiri. Imechoka, haichagui kizito wala chepesi.

— Hapo umenena, — Breki akasema. — Ndiyo maana lori langu lilikuwa haliwaki Jumatatu.

Mama Kahawa hakucheka tena.

— Na mtoto? Mtoto ameandika nini huko?



— Ameandika tulichomwambia, — nikasema.

— Tumemtoa mtoto wa watu kwenye sayansi, — Mizani akanong'ona.

— Aliyeapa jana kwamba kizito kina haraka ni wewe! — nikamgeukia.

— Na aliyefunga kamba ni Breki! — Mizani akajibu.

— Nilifunga kwa akili, — Breki akajitetea. — Kufuli kwa kamba fupi, lisije likaniangukia mguuni. Nati kwa ile ndefu. Kosa langu liko wapi?

Kabla hatujalipata kosa lake, mdogo wangu akatokea kwenye kona, sare yake imeingia vumbi, mkoba begani. Uso haukusema kitu.

— Shikamooni.

— Umeandika nini? — tukauliza wote watatu.

— Marahaba, mwanangu, — Mama Kahawa akaitikia peke yake.

— Nimeandika uzito haubadilishi kitu. Kinachobadilisha ni urefu wa kamba. Mwalimu amesema nimebaki sayansi.

Breki alifunga macho kama mtu aliyesikia breki zimeshika. Mizani akacheka mpaka kikombe kikammwagikia. 

— Lakini jana tulikuambia...

— Mliniambia, kaka. Ila niliona babu Breki kafunga kufuli kwa kamba fupi. Nikafika nyumbani nikafunga mchi na kijiko, kamba urefu mmoja. Mama alinifukuza jikoni, lakini nilikuwa nimeshaona.

— Mbona hukusema palepale?

— Mlikuwa mnapongezana.

— Unaona sasa? — nikawageukia wenzangu. — Nilimpa kosa makusudi alitafute. Ndivyo mabingwa tunavyofundisha.

— Ndiyo, kaka, — akasema, na lile tabasamu lake la kunidharau kwa heshima. — Ila mwalimu ametuachia swali la kesho. Kufuli ni zito, ardhi inalivuta zaidi. Nati nyepesi, inavutwa kidogo. Kwa nini vinafika pamoja?

Breki akajikohoza. Mizani akavuta pumzi ya mtu mwenye hoja, nikamkanyaga mguu.

— Hatujui, — nikasema.

— Nyie? Hamjui?

— Hatujui kabisa. Nenda nyumbani ukasome.

Akaondoka huku anacheka peke yake, mpaka kona ikammeza.

— Mimi jibu nilikuwa nalo, — Breki akasema.

— Najua, — nikamwambia. — Ndiyo maana nimemfukuza.