Mashine Iliyoonekana Mwaka Jana

"Unaogopa kupoteza nini?" Mama yangu mdogo aliniuliza hivyo jikoni kwake Tindiga, mimi napepeta mchele, yeye anapuliza moto. Nilisema moshi unaniumiza macho.

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, mnanijua. Mtu akisimama kushuhudia, mimi ndiye ninayekaa benchi la nyuma nikijiuliza kama ni kweli. Kwa hiyo leo nitasema yaliyotokea tu, na mwenye swali anikamate tukitoka. Majina sitaji.

Nilipomaliza chuo nilipata nafasi ya kujifunzia kazi ya uhasibu kwenye kampuni kubwa ya ukaguzi, Dar es Salaam. Kazi yetu ni kwenda kwa wenye biashara na kuthibitisha kwamba wanachosema wanacho, wanacho kweli. Nikaona wamepata mtu wao. Mtu aliyechapwa shuleni kwa kuuliza, sasa atalipwa kwa kuuliza.

Wiki ya kwanza nikauliza kwa nini tunaandika hivi. Nikajibiwa kwamba mwaka jana tuliandika hivi. Na mwaka jana, kwa nini? Kwa sababu ya mwaka juzi. Wakacheka, wakanipa jina. "Dada Kwanini amefika, ficheni majibu." Mwanzoni nilicheka nao.

Halafu nikafeli mtihani wa bodi ya wahasibu. Nikaurudia, nikafeli tena. Mkataba ulisema wazi kwamba anayekwama kwenye mitihani anaweza kuondolewa. Nawaambia, hapo ndipo nilipoanguka, wala hakukuwa na kishindo. Nilinyamaza tu. Niliacha kuuliza. Ofisini kwetu mwanafunzi haondoki kabla ya msimamizi wake hata kama kazi imeisha, basi nami nilikaa nikifungua na kufunga kompyuta. Usingizi ukanikimbia. Mama akipiga simu namwambia naendelea vizuri. Alikuwa ameshawatangazia hapa kwamba mwanawe ni mhasibu, nanyi mkapiga vigelegele. Ningerudi kusema nini?

Msimu uliofuata timu yetu ikapangiwa shamba la mpunga la huku kwetu, Tindiga. Lakini Tindiga hatukufika. Tulikaa hotelini Mikumi, meneja wa shamba akatuletea karatasi pale pale, nyani wakituibia mikate mezani. Mimi nikapewa sehemu ya mitambo. Karatasi ya mwaka uliotangulia ilisema: mashine ya kukoboa mpunga, karibu na mto, imeonekana. Maana yake mkaguzi wetu alifika akaiona kwa macho.

Naona mnacheka, kwa sababu mnajua. Kule mtoni mafuriko yalikuwa yameshapita misimu miwili ya mvua nyuma, kabla hata karatasi hiyo haijaandikwa. Yalifukia mashamba na nyumba, na ya mama mdogo ikiwemo, ile ya kabla hajajenga hii ya sasa. Mashine gani ingebaki?

Nikamwambia msimamizi wangu, kaka aliyenitangulia kazini miaka michache, kwamba nadhani hii mashine haipo. Hakuinua macho.

"Andika kama mwaka jana, tumalize. Kwa hali yako ya sasa, wewe si mtu wa kutafuta matatizo."

Kwa hali yangu ya sasa. Nikarudi kukaa. Siku nzima sikuandika, wala sikukataa kuandika. Jioni nikaomba ruhusa nikamsalimie mama mdogo siku ya Jumapili.

Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemweleza yote, mitihani, usingizi, ile karatasi. Ndipo akaniuliza lile swali. Aliponiona nimebaki na moshi wangu, akaipua sufuria, akanitupia mabuti ya mvua. "Twende ukaione basi."

Tulimkuta mlinzi wa shamba, baba mmoja aliyekuja na ng'ombe wake kutoka kanda ya ziwa. Tukamwamkia, akaitikia, tukamuuliza mashine ya kukoboa iko wapi. Akanitazama miguu.

"Mwanangu, umesimama juu yake."

Kando yangu bomba la moshi lilikuwa limechomoza kwenye udongo mkavu, kimo cha goti. Alikuwa amefungia mbuzi hapo.

Nikapiga picha, nikamtumia msimamizi: "Nimefika. Imefukiwa." Jumatatu alifunga kompyuta yake na kutuambia wote tupande gari twende shambani. Hakuna aliyenipongeza. Meneja aliacha hata kunisalimia, na wenzangu walinuna kwa sababu kazi iliongezeka. Lakini usiku ule nililala hadi wahudumu wakanigongea mlango.

Nikaanza tena kuuliza. Mtihani nikaurudia mara ya tatu, nikafaulu.

Namshukuru mama mdogo, yule pale anayejificha nyuma ya kitenge. Namshukuru mlinzi na mbuzi wake. Namshukuru mwenzangu wa ofisini aliyekuwa akinifundisha saa za chakula huku wali wake unapoa, na mama yangu, ambaye nilipomwambia ukweli alinuna kidogo, kisha akaniombea. Kama Mungu alikuwamo katika haya, bado namuuliza, naye hajanikasirikia. Ninaloweza kuwaambia ni dogo: ukiona umeacha kuuliza, usijidanganye kwamba umetulia. Tafuta mtu umweleze.

Limebaki moja. Mwaka jana kaka yule msimamizi wangu alihama kampuni, na kwenye chakula cha kumuaga akanivuta pembeni. Akaniambia kwamba uamuzi wa kuniondoa ulipitishwa wiki moja kabla hatujaenda Mikumi, naye alitumwa aje anieleze safari ikiisha. Ile picha ndiyo iliyomfanya arudi kuwaomba wakubwa wanibakize. Nafasi niliyokuwa nailinda kwa kunyamaza, siku zote zile pale hotelini, sikuwa nayo.