Lango Nilifunguliwa, Nikashtakiwa Kuingia

Akina mama wa kikundi, nanyi wageni wetu, nashukuru kwa kunipa nafasi. Mkiona nimenyamaza katikati, msianze wimbo. Ningojeni tu, nitaendelea.

Wengi mnajua nilikuwa nauza chai na mandazi kwa madereva, kwenye yadi moja ya trela karibu na mpaka, upande wetu huu wa Uganda. Tulikuwa tunaingia ndani bila shida. Halafu mwenye yadi akaleta meneja mpya, naye akatangaza: wachuuzi wote nje, hapa ni mali ya mtu. Sikubishana. Nilichukua birika langu nikahamia nje ya lango.

Wakati huo kitinda mimba wangu alikuwa bado ananyonya, hajaonja hata uji. Nilikuwa namwacha kwa jirani, adhuhuri narudi kumnyonyesha.

Asubuhi moja dereva Mkenya akaniita kutoka kwenye trela yake mle ndani. Malaria ilikuwa imemwangusha, hawezi kushuka. Nikamwuliza askari wa lango, "Niingie?" Akafungua mwenyewe. "Mpelekee, mama, lakini fanya haraka."

Sikufika kwenye trela. Meneja alitoka ofisini akifoka, "Nani ameruhusu huyu?" Nikamwonyesha askari. Na huyo askari, ndugu zangu, niliyekuwa namsalimia kila siku, akatazama chini akasema, "Mimi simjui. Ameruka ua."

Nawaambia, kuna neno linauma kuliko kiboko. Lakini kiboko nacho kilikuja. Meneja alinichapa mpaka chai ya moto ikanimwagikia tumboni, kisha akaita polisi, akasema nimeingia kuiba dizeli.

Kituoni nikasema nina mtoto mchanga. Afande akanijibu, "Kila mama akishikwa ana mtoto." Maziwa yalijaa, yakavimba, yakaanza kutoka yenyewe mpaka gauni likalowa. Niliyakamulia pembeni mwa seli. Mnajua uchungu wa kumwaga maziwa na kuna mdomo unayatafuta?

Kabla ya kupelekwa kortini, polisi mmoja akanishauri, "Kubali tu makosa, labda utaenda nyumbani leo." Ningekubali hata kuua, bora nimfikie mtoto. Lakini dada mmoja wa msaada wa sheria alikuwa amekuja kutuona mle seli. Akaniambia, "Mama, kosa lenyewe ni kuingia kwa mtu bila ruhusa ukiwa na nia mbaya. Wewe uliomba, ukafunguliwa. Usikubali jambo ambalo hukufanya."

Shtaka liliposomwa nikasema, "Si kweli." Sikuwa na wa kunidhamini, nikarudishwa rumande. Njia nzima nilijilaumu: kumbe ningesema ndiyo, saa hii ningekuwa nampakata mwanangu.

Sasa wageni wasikie mlichofanya nyinyi wa kikundi hiki. Mlikwenda nyumbani kwa yule askari. Hamkwenda kugombana. Mlipiga hodi, mkakaribishwa, mkamwekea mtoto wangu mapajani. Mkamwambia, "Huyu anamtafuta mamake." Mkaondoka. Mkarudi tena. Mkarudi tena.

Miezi ikapita; siku ya kesi nikamwona yule askari anasimama mbele ya hakimu. "Mheshimiwa, lango nilifungua mimi. Niliogopa kazi yangu."

Kesi ikatupwa. Yeye akafukuzwa kazi, na leo anafyatua matofali huko Buhehe. Meneja hakuulizwa hata neno moja juu ya kile kiboko. Sitawadanganya kwamba haki yote ilipatikana.

Nikakimbia nyumbani. Nikampa mtoto titi, akageuza uso. Maziwa yangu yalikuwa yameshakauka.

Ngojeni kidogo.

Namshukuru Mungu, na yule dada wa sheria. Namshukuru yule askari, maana kusema kweli kulimnyang'anya ugali. Nanyi akina mama, mwenye mali ana haki na lango lake. Pigeni hodi, na mkiambiwa tokeni, tokeni. Lakini mwenye lango hana ruhusa ya kukupiga, na wewe usikubali kosa la uongo kwa sababu umechoka. Semeni kweli hata sauti ikikatika.

Kuna mmoja wenu alikuwa na mtoto wake wa kunyonya, akamchukua na wangu, huyu titi hili, huyu titi lile. Amekaa hapa, hataki nimtaje. Mwanangu yuko hai, anatembea. Anayemwita mama ni huyo aliyemnyonyesha. Mimi ananiita kwa jina langu, kama jirani, nami naitika.