Nyayo Zilizoingia Chini ya Kilima

Sogeeni, watoto wangu, mkae mahali ambapo sauti yangu inafika bila mimi kuisukuma, na wewe Josiane usibaki mlangoni kama mgeni, kwa kuwa umeolewa na Ghislain na mambo ya nyumba hii yamekuwa yako. Nasema Kiswahili, kile nilichofundishia katekisimu hapa kisiwani Nkombo, ili wewe uliyekulia Bukavu usikie kila neno, na kesho asije mtu akasema kwamba mzee Ladislas aliongea Kihavu na kwa Kihavu alisema vingine. Maji yameingia kwenye mapafu yangu. Muganga wa hospitali hakutaka kuniambia, lakini nilimwona alivyokuwa anakwepa macho yangu. Nisikilizeni wakati pumzi ingalipo, na mtu asinikatize, hata wewe Shema.

Naanza na ule ukuta wa mawe meupe chini ya migomba yetu, pale ufukweni, maana ndio uliowafanya wewe Shema na mdogo wako Ghislain mpitane njiani bila salamu tangu Pasaka. Ukuta huo tuliukuta, hakuna mtu aliyeujenga. Mawe yamelala tabaka juu ya tabaka, na ndani yake mmeona tangu utotoni konokono wa maji, mifupa ya samaki myembamba kama sindano, na matete yaliyogeuka jiwe. Micheline, yule mwalimu wa chuo kikuu cha Bukavu anayesomea mawe, alitueleza kwamba zamani sana, kabla kisiwa hakijapewa jina na mtu yeyote, pale palikuwa na matope laini kando ya maji, na kila kilichofia matopeni kilifunikwa kikakaa humo mpaka matope yenyewe yakawa jiwe. Mimi nilimsikiliza kwa heshima, lakini nilikuwa nimeshauogopa ukuta ule kabla yeye hajafika, na sasa nawaambia kwa nini.

Tumukunde, binti yangu, wewe hukumjua dada yako Gasaro, ulizaliwa baadaye. Mama yenu Eugénie alikuwa anarudi kutoka Nkanka katika mtumbwi wa abiria, mchana, jua linawaka, amemshika Shema kwa mkono mmoja na Gasaro kwa mkono mwingine, upepo ukashuka kutoka upande wa Idjwi na mtumbwi ukalala ubavu. Wavuvi walipomtoa majini alikuwa bado amemkamata Shema, wakalazimika kumfungua vidole ili mtoto apumue. Mkono mwingine ulikuwa mtupu. Tulimtafuta Gasaro mpaka watu wakachoka kututazama, na ziwa halikumrudisha, ndiyo maana hamjawahi kuona kaburi lake.

Tangu siku ile mama yenu alikuwa na neno moja. Akipepeta maharage, akitoka kanisani, akilala, aliniambia, "Papa Shema, nilimushika mukono. Nilipashwa kumubeba." Nilimjibu kwamba hakuna mama anayejua upepo utakuja saa ngapi, naye aliitika kwa kichwa, na kesho yake akalisema tena.

Kisha mvua kubwa ilimomonyoa ukuta, ikafunua sakafu ya jiwe ambayo hakuna aliyewahi kuiona, na aliyeiona kwanza ni yeye, kwa kuwa alizoea kukaa pale akitazama maji. Aliniita. Nilikuta nyayo za mtu mzima zimezama katika jiwe, kisigino na vidole vyote, na kando yake nyayo ndogo za mtoto, zinakwenda pamoja kutoka upande wa ziwa kuelekea kilimani. Halafu zile ndogo zinakatika. Si kwamba zimefutika, watoto wangu. Zinakatika, na zile kubwa zinaendelea peke yake hatua chache, kisha zinaingia chini ya kilima. Mama yenu alipiga magoti akaweka kiganja ndani ya unyayo wa mwisho wa mtoto, akaniuliza, "Huyu mutoto alienda wapi?" Mpaka leo nikifumba macho nalisikia swali lile.

Alienda pale kila siku ya uhai wake. Mezani aliweka sahani moja zaidi. Saa za mchana, jua kali, ua umekauka, nilisikia miguu midogo iliyolowa ikipita nyuma ya jiko, nikatoka na sikuona mtu. Siku moja nilishuka kumwita aje kula, nikamkuta amesimama kwenye ile sakafu, mkono wake ameunyoosha chini kidogo, usawa wa mtoto, vidole vimekunjwa kama vimeshika kitu, anaongea polepole. Nilirudi nyumbani bila kumwita. Padri aliniambia nimkataze, nikaona kwamba nikimkataza atakufa.

Micheline alipokuja, mama yenu ndiye aliyempeleka. Yule mwanamke alilala kifudifudi juu ya jiwe, akapima kina cha nyayo kwa vidole, kisha akasema, "Maman, angalia hapa. Miguu ya mukubwa imezama kuliko kule nyuma. Pengine alimubeba. Siwezi kuapa." Eugénie akauliza, "Na mbele?" Micheline akamwonyesha kilima, akasema kwamba mbele hakujafunuka. Basi tangu hapo kila masika mama yenu alingoja kilima kisogee, aone kama yule mama wa zamani alimshusha mtoto wake tena chini au hakumshusha, na kilima hakikusogea, na tulimzika akiwa bado anangoja.

Sasa Shema. Ulichukua nyundo ukaanza kuvunja ukuta upate mawe ya msingi wa nyumba yako, Ghislain akakukuta, mkashikana mashati mbele ya majirani. Ghislain alisema unavunja kitu ambacho dunia nzima ingekuja kukitazama. Wewe ulijibu neno ambalo nililisikia nikiwa huku juu. "Mama alikuwa na mutoto muzima mu nyumba, lakini kila siku alienda kuangalia ule wa mu majiwe." Mwanangu, ulisema kweli. Mkono ule uliokushika wewe haukukuachia, lakini macho yake yalikwenda kwa yule mwingine, nawe ulikua ukiyasubiri yarudi.

Lakini kuna jambo hamlijui, kwa kuwa niliugua siku ileile nilipoliona. Pale Shema alipopiga nyundo, mvua za mwezi huu zilipenya, udongo ukaporomoka, na ile sakafu imefunuka zaidi. Nilishuka na fimbo yangu. Nyayo kubwa zinaendelea, na kila moja imezama kama zile alizopima Micheline, na ndogo hazipo. Nilitembea kando yake mpaka mwisho wa palipofunuka. Hakumshusha. Anapanda naye, halafu anaingia tena chini ya kilima, na huko ndani sijui. Nilifurahi, watoto wangu, kisha nikaogopa sana, maana nilisimama pale nikaona kwamba natamani kuchimba kwa kucha zangu.

Nipeni maji. Kidogo. Basi.

Haya ndiyo nayaagiza. Shamba la juu, la barabarani, mligawe sawa, Ghislain na Tumukunde, na kahawa iliyomo iende pamoja na ardhi. Mtumbwi na nyavu ni vya Ghislain. Nyumba ya zamani ya baba yangu ibomolewe, na mawe yake yote yawe msingi wa Shema, Ghislain uyabebe pamoja naye kwa mabega yako. Na ufuko wote na ukuta na zile nyayo nakuachia wewe Shema. Ghislain, usiinamishe kichwa. Wewe unaupenda ukuta ule, kwa hiyo utachimba. Shema hatachimba. Micheline aje na jasi, ile ya kufungia mfupa uliovunjika, achukue umbo la nyayo apeleke anakotaka, lakini jiwe libaki, na mtu asikisukume kilima kutafuta mwisho wa safari ya yule mwanamke. Kikisogea chenyewe, nendeni wote mkaone. Shema, nenda wewe kwanza.

Mimi mnizike juu kando ya Eugénie, mbali na maji, na jina la Gasaro mliandike kwenye msalaba wetu.

Pumzi... ngoja. Tumukunde, niwekee mto. Mungu awalinde mnapovuka ziwa na mnaporudi. Awape watoto, na wakiwaita muwageukie. Josiane, ubarikiwe kama binti niliyemzaa. Ghislain, baraka yangu unayo. Shema, unayo, uliipata kabla ya wote.

Sioni vizuri. Ghislain, uko upande gani? Nenda upande wa kaka yako. Kaeni kitanda kimoja. Bado, kuna nafasi kati yenu, naisikia. Sogea.

Hapo. Basi.