Elias Mashimba, Aliyetaka Kujua Nani Huuambia Uvimbe Uondoke

Marehemu Elias Mashimba alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 Nansio, kisiwani Ukerewe, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Luhaga Mashimba na marehemu Mama Sabina. Wa kwanza ni Tereza. Baba alisema msichana hana haja ya shule. Tereza hakukaa darasani hata siku moja. Alianika dagaa mwaloni, kando ya ziwa, ili mdogo wake asome.

Elias akiwa darasa la tatu, mwiba wa sato ulimchoma dada yake. Kidole kilivimba, kikawaka moto, kisha kikanywea. Elias alikigeuza-geuza.

"Dada, nani ameuambia uvimbe uondoke?"

"Kamuulize mwalimu wako. Mimi nazungumza na dagaa tu."

Swali hilo likawa kazi yake. Alihitimu chuo kikuu mwaka 2009, akafanya utafiti katika maabara jijini Mwanza hadi mwisho wa maisha yake. Alifundisha kwamba uvimbe hauishi kwa kuchoka. Mwili huchukua mafuta, yakiwemo ya samaki tunaowala, ukayageuza kuwa ishara. Ishara hizo huzuia askari wa mwili wasizidi kumiminika, na huita wengine waje kusafisha mabaki. Hutengenezwa palepale palipoumia.

Alifunga ndoa na Odeta tarehe 6 Desemba 2014, wakaishi Buswelu. Mwaka 2019, kwenye sherehe ya shahada yake ya udaktari, mgeni aliuliza yule mama anayenuka dagaa ni nani.

"Anatusaidia jikoni," Elias alijibu.

Tereza alikuwa nyuma yake na sinia la wali. Aliliweka chini, akarudi Nansio. Hawakuzungumza tena kwa karibu miaka sita.

Mwezi Mei mwaka huu, 2025, kongosho la Elias lilivimba ghafla. Uvimbe huo haukusikia ishara yoyote. Ulienea hadi mapafuni. Jioni ya tarehe 1 Juni alimwomba Odeta apige simu Nansio.

"Shikamoo dada. Yule wa jikoni ni dada yangu. Nimewaambia wote humu wodini, hata manesi wamechoka kunisikia."

Kabla Tereza hajaitikia, simu ilikatika. Alipanda kivuko cha kwanza asubuhi. Alipofika, Elias alikuwa ameshafariki.

Ameacha mke, Odeta; watoto, Dorcas na Princess; na Tereza, dada yake wa tumbo moja.

Elias alisema ishara hutoka palepale palipoumia. Basi dada yake anaitoa hapa, kaburini: Marahaba, Elias. Marahaba, mdogo wangu. Sasa pumzika.