Mzee Mwinyijuma na Feni Isiyokuwa na Moto

Ndugu zangu wa karakana, madereva wa njia zote, na nyinyi wa stoo ya Muheza, nawasalimu sana. Hamjambo? Watoto wazima? Kama baridi ya mwezi huu imemkamata mtu kifua, Mwenyezi Mungu amponye. Sisi wa Tanga hatujambo, ila tuna habari ambayo hatujui tuipokee kwa vigelegele au kwa leso.

Mzee Mwinyijuma Uweso, fundi mkuu wa umeme wa magari, anastaafu Jumamosi, tarehe 30 Agosti 1958, baada ya miaka ishirini na tisa na miezi saba ya kazi. Nimeombwa mimi niandike wasifu wake kwa kuwa tumekaa benchi moja miaka kumi na sita. Kazi yangu ni mabomba ya maji ya injini, na shule yangu iliishia darasa la nne. Mkiona nukta haipo mahali pake, itieni wenyewe.

Aliingia Januari 1929 kama mwosha magari. Umeme alijifunza kwa kuokota dinamo zilizotupwa na kuzifungua nyumbani kwake Chumbageni, mpaka mkewe, Bi Mastura, akalalamika kwamba kila akipakua tambi anakuta skrubu. Wakati wa vita, spea zilipokosekana, alisuka upya waya za dinamo kwa mkono, na magari yetu kumi na moja hayakulala.

Ana desturi moja mnayoijua wote. Hagusi gari kabla dereva hajasema. Huchuchumaa, akatega sikio, akasema, “Haya, limekufanyia nini?” Ukimjibu limeharibika tu, atakurudisha: “Nenda kakae nalo. Mkishaelewana, njoo.” Kisha husema bismillahi, ndipo anashika waya.

Mimi desturi hiyo nilikuwa naicheka, mpaka Julai 1954.

Gari la wagonjwa la hospitali moja ya misheni lilikuwa likipanda milima ya Amani kila wiki. Chini ya dashibodi lilikuwa na feni. Kule juu kwenye ukungu, feni ilipuliza hewa iliyopashwa na maji ya injini, kioo kikakauka. Huku chini ukifunga bomba la maji, feni hiyo hiyo ilikupulizia hewa baridi. Asubuhi moja dereva wake, Manase, alifika kofia imelowa chapachapa. Alikuwa ameteremka na mama mwenye uchungu wa uzazi, kichwa nje ya dirisha kwa kuwa kioo hakikuonyesha kitu, na gurudumu moja lilikwisha kugusa ukingo wa bonde. Akaniambia, “Feni haina moto.”

Mzee Mwinyijuma alikuwa Moa, msibani. Mimi niliposikia moto, nikaenda kwenye maji ya moto. Nikabadilisha mipira, nikazibua bomba, nikalishika, likaniunguza, nikaridhika. Feni yenyewe sikuitazama. Umeme si kazi yangu. Gari likapanda, likarudi: “Bado haina moto.” Nikafungua yote tena. Liliporudi mara ya tatu, Bwana Meneja alikuwa na barua ya hospitali mkononi, ya kutishia kuondoa magari yake kwetu. Akasema aliyelishika gari lile ataondoka kazini Jumamosi saa sita mchana. Aliyelishika ni mimi, nami nina watoto watano. Nilisali rozari mpaka vidole vikauma.

Ijumaa Mzee akarudi. Akachuchumaa mbele ya Manase.

“Moto upi, mwanangu? Wa maji au wa waya?”

“Wa waya, Mzee! Haizunguki kabisa. Nimesema tangu siku ya kwanza.”

Karakana nzima ikaangua kicheko. “Wewe Ernesti,” Mzee akanitania, “Mbondei ukisikia moto unawaza chai!”

Akatoa taa yake ya kupimia. Akagusa waya unaoingia kwenye feni, mguu wa pili wa taa akauweka kwenye chuma cha injini. Taa ikawaka; basi moto wa umeme ulikuwa unafika. Akauhamisha mguu ule kwenye mwili wa feni. Taa ikazima. Akaunga kipande cha waya kutoka mwili wa feni hadi kwenye injini, na feni ikavuma, ikapeperusha karatasi zangu. Moto ulikuwa unaingia, ila hauna njia ya kurudi. Akafungua boliti inayoshika waya wa kurudia. Chini yake palikuwa na rangi mpya, nene, isiyopitisha moto, haina hata mkwaruzo.

Gari lilipakwa rangi mwezi Juni, na boliti ile aliifunga Mzee mwenyewe. Hakuna mwingine aliyelijua hilo. Na barua ya kumfanya fundi mkuu, wa kwanza miongoni mwetu Waafrika, ilikuwa mezani ikingoja sahihi.

Alipiga msasa mpaka chuma kikang’aa, akafunga, akanawa mikono, akaenda kumwita Bwana Meneja. Akamwambia mbele yetu sote, “Bwana, mkosaji ni mimi. Nimefunga hii juu ya rangi kwa mkono wangu. Ernesti hata ilipo hajui.”

Meneja akanigeukia: “Rudi kazini.” Barua ile ilikaa kwenye droo miezi minane, na Mzee hakuiulizia hata siku moja. Wiki iliyofuata Manase alishuka kutoka Amani ndani ya ukungu mzito, kioo kikavu, akipiga honi tangu getini, nasi tukampokea kama bwana harusi. Hospitali haikuondoa magari yake. Machi 1955 barua ikatiwa sahihi. Amri ya kwanza ya fundi mkuu ilikuwa kila waya wa kurudia ukutane na chuma kitupu, na kila hati ya dereva ya kuripoti ubovu iandikwe “moto wa waya” au “moto wa maji”. Tangu hapo hakuna gari lililorudi kwa kosa lile.

Mzee wetu, shikamoo, na ahsante. Mwenyezi Mungu akupe siha, usingizi wa alasiri, na wajukuu wasiogusa skrubu zako. Maisha yako ya mbele yawe mema kuliko haya.

Tutamuaga hapa karakana Jumamosi hiyo hiyo, baada ya sala ya adhuhuri, kwa pilau. Wapishi wanataka idadi. Tafadhali nijibuni upesi, kabla ya Jumatano, mniambie mnakuja wangapi.

Ernesti Mhina, mabomba