Ncha za Tepe

DADA: Haloo? Nani mwenzangu?

FUNDI: Haloo, Dada? Shikamoo.

DADA: Ni nani? Namba hii siijui.

FUNDI: Ni mimi. Fundi.

DADA: Fundi yupi? Nina fundi bomba, nina fundi wa mashine ya nakala ananikwepa tangu—

FUNDI: Fundi cherehani. Tuliozaliwa tumbo moja.

DADA: Aa. Marahaba. Simu ya nani hiyo?

FUNDI: Ya wifi yako. Yangu imeangukia ndani ya... nitakueleza. Vocha yenyewe ni kidogo, ameniambia nisiimalize.

DADA: Basi sema haraka. Nipo dukani. [pembeni] Nakala ngapi, baba? Mbele na nyuma? [kwenye simu] Wifi hajambo?

FUNDI: Hajambo. Kwa kadiri mtu anavyoweza kuwa hajambo akiwa anakula ameshika sahani mkononi.

DADA: Meza imekwenda wapi?

FUNDI: Ipo nje, chini ya dirisha. Mahali pake pana kitu.

DADA: Kitu gani?

FUNDI: Dada, unajua mgongo wangu. Nikasema nitafute meza ya kukatia, ya kimo changu, niache kuinama kama mtu anayetafuta shilingi. Nikaenda pale ghalani wanapouza vitu vya watu waliohama—

DADA: Ukarudi na nini?

FUNDI: Kinanda.

DADA: Cha kupiga?

FUNDI: Wakati ule kilikuwa cha kutazama.

DADA: Wewe? Wewe ambaye hata makofi unapiga wenzio wakishamaliza?

FUNDI: Ndiyo maana nilikitaka kama meza. Kilikuwa kimefunikwa turubai, juu yake makopo ya rangi. Nikasogea nikakipima kwa kiuno, nikaona hapa mgongo umepona. Nyumbani nainua kifuniko, vibao hivi hapa, vinanichekea kama meno.

DADA: [anacheka] Na mlangoni kilipitaje?

FUNDI: Mlango tuliung'oa.

DADA: Na kikitaka kutoka?

FUNDI: Hakitatoka. Mlango nimeurudisha kwa bawaba za geti. Nilitaka kazi iwe imara.

DADA: Mungu amsaidie wifi yangu. Haya, na simu yako?

FUNDI: Nilikuwa nachungulia ndani, ikateleza kutoka mfukoni ikaingia chini ya vyuma. Ipo humo. Ukinipigia, kinanda kizima kinatetemeka. Mgeni alikuja juzi akadhani nyumba ina majini.

DADA: [pembeni] Subiri, baba, karatasi imekwama. [kwenye simu] Sasa unanipigia nije nikusaidie kukicheka, au?

FUNDI: Hapana. [mtandao unakwaruza] ...si cha kawaida.

DADA: Umepotea. Sema tena.

FUNDI: Nasema si kinanda cha kawaida. Hakina nyuzi. Kila kibao kina utepe wake chini, kama ule wa kanda za redio. Ukibonyeza, utepe unapita, na humo kuna mtu anaimba. Ukiachia, springi inaurudisha mwanzo. Ukishikilia mpaka utepe uishe, unabaki na kimya. Haloo?

DADA: Nipo. Umesema mtu anaimba.

FUNDI: Mwanamke. Ni "aaa" tu. Kila kibao na "aaa" yake, kutoka nzito mpaka nyembamba.

DADA: Rangi gani?

FUNDI: Sauti?

DADA: Kinanda, wewe. Kina rangi gani?

FUNDI: Kilikuwa cheupe. Sasa kama chai ya mgonjwa.

DADA: Ubavuni, upande wa kushoto, kuna alama ya moto?

FUNDI: Ipo. Umbo la pasi. Nilipoiona nikasema huyu naye alikuwa fundi cherehani mwenzangu.

DADA: Ile ni pasi yangu.

FUNDI: Uliiweka pale kwa bahati mbaya?

DADA: Niliiweka nikiwa namtazama mwenye kinanda usoni.

FUNDI: Aa.

DADA: Mwezi mzima chakula kinapoa, naambiwa nakuja, nakuja, yeye yupo chini ya hilo dude anafunga springi. Nikasema, kama huyu ni mke mwenza, na ajue nyumba hii ina mkubwa.

FUNDI: Kwa hiyo nimemuoa mke mwenza wako.

DADA: Mjane mwenzangu, tuseme. Hongera. Mahari ilikuwa mlango.

FUNDI: [anacheka, kisha anakohoa] Dada, nilipokiwasha nilikujua palepale. Kabla hata kibao cha pili. Nikasema hii ndiyo sauti iliyokuwa ikiniamsha niende shule, ila hapa haijakasirika.

DADA: Mimi nilisema vitu vya studio ya shemeji yako viondolewe vyote. Sikuuliza vinakwenda wapi.

FUNDI: Na mimi nikanunua bila kuuliza vinatoka wapi. Ndiyo ukoo wetu.

DADA: Basi kipakize ukakiuze tena.

FUNDI: Bawaba za geti, Dada.

DADA: [anashusha pumzi] Kinaimba kweli, au unaniambia tu?

FUNDI: Kinaimba. Nilianza polepole. Nikafungua, nikachora kila kitu kilipokaa, nikafuta vumbi kwa brashi ya kope ya wifi yako—

DADA: Maskini.

FUNDI: —nikatia mafuta ya cherehani, yale membamba. Mkanda wa mota ulikuwa umekatika, nikaweka wa cherehani ya miguu. Kwanza uliteleza, ukawa unaimba kama mbuzi anayeuzwa. Nikaukaza, ukaimba kama mtoto. Nikalegeza kidogo, ukatoka wewe.

DADA: Nani alikufundisha hayo?

FUNDI: Nani anifundishe? Nilikuwa nakosea kitu kimoja kimoja. Nikikosea mara mbili naandika ukutani kwa chaki.

DADA: [pembeni] Chukua, baba, hizi zimetoka safi. Asante. [kwenye simu] Haya. Umefanikiwa, umetengeneza. Nimefurahi. Kuna jingine?

FUNDI: Lipo.

DADA: Vocha ya mwenzio inakwenda.

FUNDI: Kile kibao cha mwisho kushoto, cha sauti nzito kuliko zote, kiligoma. Springi yake imekula kutu na sikuweza kuifikia. Jana nikasema ngoja nikijaribu tu. Nikabonyeza, kikazama, kikagoma kupanda. Utepe ukapita wote mpaka mwisho kabisa.

DADA: Halafu?

FUNDI: Mwishoni, ukishamaliza kuimba, kuna wewe unahema. Halafu kuna mtu mwingine. Dada?

DADA: Kuna mteja.

FUNDI: Sijamsikia akiingia.

DADA: Ameingia.

[mashine ya nakala inanguruma, inanyamaza]

DADA: Anasemaje?

FUNDI: Mteja?

DADA: Usinitanie kwa hili.

FUNDI: Samahani. Ni Shemeji. Ni maneno mawili tu, kwa sauti ile yake ya kusema huku amegeuza kichwa. Nikwambie?

DADA: Usiniambie. Unajua mimi kanda zote nilizipekua? Ndiyo, vyombo niliviondoa, lakini kanda nilibaki nazo. Za harusi, za hotuba, za watoto wa watu wakisoma mashairi. Nilikaa nikasikiliza moja moja mpaka redio ikawa moto. Hayupo. Amerekodi mtaa mzima na mwenyewe hayupo hata kwenye moja. Siku zote alikuwa upande wa pili wa kioo.

FUNDI: Najua. Ndiyo maana nimepiga.

DADA: Tuliimba hivyo vibao jioni moja baada ya nyingine. Chumba kina magodoro ukutani, joto kama ndani ya mkate. Naimba mpaka pumzi ikate, naye akishaona nimemaliza ananisemesha kabla hajazima. Kila sauti na neno lake. Nyingine alinitania, nyingine... Yaani maneno yake yapo mwisho wa kila utepe, Fundi. Vibao vyote. Mtu hapati kuyasikia kwa sababu mpigaji huinua kidole mapema. Shikilia tu mpaka mwisho na yeye yumo.

FUNDI: Dada.

DADA: Umevishikilia vingine?

FUNDI: Dada, mimi ni fundi cherehani.

DADA: Najua kazi yako.

FUNDI: Miaka yote hii, nikiona ncha inaning'inia—

DADA: Usiniambie.

FUNDI: —mkono unakwenda wenyewe kwenye mkasi.

DADA: Usiniambie, nimesema.

FUNDI: Zilikuwa zimechanikachanika huko mwishoni. Nikazipanga zote, ila ile ya kibao kilichogoma ambayo sikuifikia, nikaweka rula, nikakata zikalingana. Dada, zilipendeza. Nilimwita hata wifi yako aje kutazama. Nikamwambia, ona, mshono safi. Nitukane. Wifi yako ameshaanza, lakini yeye hana haki kama yako.

DADA: Vipande ulitupa wapi?

FUNDI: Sikutupa.

DADA: Kweli?

FUNDI: Fundi hatupi vipande. Viliingia kwenye gunia la mabaki ya vitambaa.

DADA: Mungu wangu, asante. Na gunia liko wapi?

FUNDI: Hapo ndipo penyewe. Wifi yako alikuwa amenuna kwa sababu ya meza. Nikataka kumtuliza. Nikamshonea mito ya viti. Yenye maua. Mabaki ndiyo niliyojazia ndani.

DADA: Unaniambia mume wangu yumo ndani ya mto.

FUNDI: Mito. Nilichanganya gunia vizuri ili ijae sawasawa.

DADA: [sauti ya kicheko, au ya kitu kingine, mtandao unakwaruza]

FUNDI: Dada, unalia au unacheka? Simu hii haitofautishi.

DADA: Hata mimi sijui. Endelea kabla sijajua.

FUNDI: Nimefumua mto mmoja. Vimo, vizima, vimejikunja kama nywele. Mito mingine wifi yako amenizuia kuigusa, na mkasi ameuficha. Amesema nisifumue tena mpaka aje mtu mwenye akili.

DADA: Kwa hiyo umenipigia mimi.

FUNDI: Kuunga naweza. Nimejaribia kwenye utepe wa redio, unapita bila kukwama. Ila sijui ncha ipi ni ya kibao kipi. Zote ziko sawa kwa urefu, sababu ya mimi na rula yangu. Unaweza ukazisikiliza moja moja ukajua. Wewe tu ndiye unajua alisema nini baada ya sauti ipi.

DADA: Kuja kwako ni kupita mtaa wa studio, na huo mtaa mimi sipiti. Unajua.

FUNDI: Najua.

DADA: Kwenda sokoni nazungukia upande wa kituo cha mafuta. Ile studio, ule ukuta—

FUNDI: Pale sasa wanauza matairi. Hata ukuta wameupaka rangi ya machungwa. Huwezi kupajua.

DADA: Nitapajua.

FUNDI: Sikulazimishi. Naweza kukichezea kile kibao kilichogoma, ambacho ncha yake ni nzima, hapahapa kwenye simu. Ila springi yake imechoka, utepe unasagika kila ukipita. Sijui utastahimili mara ngapi. Chagua wewe. Safari hii sitaki kuchagua kitu mimi.

DADA: Kipige.

FUNDI: Sasa hivi?

DADA: Kabla sijabadili mawazo. Sogeza simu.

FUNDI: Imesogea. Ngoja nikiinue kibao na utepe wake, niwashe mota. [mvumo] Uko tayari?

DADA: Fundi, bonyeza.

[sauti ya mwanamke, nzito, ndefu, isiyotetemeka, chini yake mvumo wa mota, sauti inaisha, mtu anahema—]

[simu imekatika]

[simu inaita]

FUNDI: Haloo? Nani?

DADA: Sasa hapo unategemea ni nani?

FUNDI: Dada. Vocha imekwisha.

DADA: Nimeona. Ilikwisha mimi nikihema.

FUNDI: Hukumsikia?

DADA: Nimesikia akivuta kiti. Kile kiti kilikuwa kinalia. Basi, ikakatika.

FUNDI: Nikipige tena? Kimeshikilia palepale, nikiuinua utepe kwa kidole naweza—

DADA: Usikiguse. Ondoa mkono.

FUNDI: Nimeondoa.

DADA: Zima mota. Chomoa na waya ukutani.

FUNDI: Nimechomoa.

DADA: Nafunga duka.

FUNDI: Saa hizi? Na wateja?

DADA: Watarudi na karatasi zao kesho. [pembeni] Hapana, baba, nimefunga. Nina mgonjwa. [kwenye simu] Huyo springi wake unaweza kumtibu?

FUNDI: Ninaye mwingine wa cherehani, wa kimo kilekile. Nikitulia—

DADA: Utatulia nikiwa nimekusimamia. Mkasi uendelee kufichwa. Nataka nimkute wifi ameukalia.

FUNDI: Nitamwambia. Dada, nije nikuchukue kituo cha mafuta? Tukatize kwa nyuma, usiione ile rangi.

DADA: Hapana. Nitapita mbele.

FUNDI: Haya. Karibu. Nitairudisha meza ndani, tutabanana tu.

DADA: Na Fundi.

FUNDI: Naam, Dada.

DADA: Mito iondoe kwenye viti kabla sijafika. Nisije nikamkalia.