Mshipi wa Kuvulia Perege

Kijiwe chetu kipo Mwembesongo, ubavuni mwa banda la Injinia la kuziba pancha. Kuna benchi moja la mbao lililolegea mguu, ndoo ya kugeuza kwa anayechelewa, na jiko la mkaa la Kibwana muuza kahawa. Watu wazima tunakaa hapo tunapanga mambo ya dunia kana kwamba dunia imetuomba. Ijumaa ile niliwahi kufika maana nilikuwa na shida, na shida yenyewe naona haya kuisema hata leo. Miaka miwili nimemdanganya baba mkwe wangu, mzee Stefano wa Mgeta, kwamba kila Jumamosi navua perege bwawani Mindu kwa ndoana. Sijawahi kuvua hata dagaa! Samaki nanunua kwa akina mama wanaouza kwenye beseni kando ya barabara, Winfrida mke wangu anawakaanga wazima wazima, anawafunga vizuri, wanapanda milimani na lori linalokwenda kubeba mboga. Jumamosi yenyewe nashinda ofisini nimejifungia. Winfrida mwenyewe hajui. Sasa mzee katuma salamu kwamba kesho anashuka, nimpeleke bwawani akajifunze.

Mimi kazi yangu ni ukarani, mikono yangu inajua kugonga muhuri basi. Ila kijiweni wananiita Nahodha. Ndiyo, uongo umenipa hadi jina. Ikabidi nitafute maarifa kwa wenzangu wavuvi bila wao kujua kwamba natafuta.

Mimi: Hivi jamani, kwa perege wa siku hizi, mshipi upi unafaa? Mwembamba au mnene?

Injinia: Nahodha unauliza? Wewe?

Mimi: Nawapima tu.

Injinia jina lake ni Salehe, na tangu nimfahamu hajawahi kusema hajui kitu.

Injinia: Mwembamba. Hakuna mjadala. Perege ana macho, baba. Ukimteremshia kamba ya kufungia mbuzi anaiona toka ng'ambo, anacheka, anakwenda zake.

Profesa: Acha zako wewe.

Huyo ni Victor. Anatunza stoo ya chuo kimoja hapa mjini, basi vitabu vikipitia kwake siku mbili anajiona kavisoma.

Profesa: Maji ya Mindu yanatoka wapi? Milimani. Milimani kwenye kabichi wanatia nini? Mbolea. Yule samaki anakunywa mbolea toka utotoni. Sasa huyo bado ni perege? Yule ni mbeba zege! Mwembamba ataukata kwa bega. Nasema mnene.

Injinia: Si nimekwambia mnene anauona?

Profesa: Auone, halafu? Wewe ukiona nguzo ya umeme unakimbia?

Kibwana alikuwa anamimina kahawa, kichwa kainamisha. Anapenda kuchochea mambo kuliko kuchochea mkaa.

Kibwana: Na mwembamba una shida gani, Profesa?

Profesa: Mwembamba unamtekenya. Samaki hapendi kutekenywa. Ni utafiti huo.

Injinia: Utafiti wa nani?

Profesa: Utafiti ni utafiti, bwana. Unataka na jina la mama yake?

Tukacheka. Nilicheka kwa sauti kuliko wote. Kesho asubuhi nitashika mshipi mbele ya mzee, na mpaka sasa sijui hata naushika upande gani.

Injinia: Haya, nikupe siri. Mshipi unachaguliwa kwa kilo za mvuvi. Mwembamba kama Kibwana anatumia mwembamba. Mwenye tumbo kama Profesa, mnene.

Profesa: Kwa sababu gani?

Injinia: Ili mlingane na samaki. Wewe ukivuta kwa mshipi mwembamba, samaki anaona kadharauliwa.

Profesa: We jamaa unaumwa. Hesabu ni ya siku, si ya kilo. Perege wa Mindu Jumamosi wanaijua. Wanasikia kelele za watu, wanatelemka chini kabisa. Sasa chini kuna giza. Kwenye giza, mnene na mwembamba vyote sawa. Kwa hiyo unaweka mnene.

Injinia: Kama vyote sawa, kwa nini mnene?

Profesa: Kwa usalama!

Injinia: Mwezi uliopita mimi nimemkosa mmoja, mpana kama huo mlango wa banda. Kwa mwembamba huohuo. Nikimalizia kumvuta, akaniangalia hivi, usoni kabisa. Nikamwonea huruma, nikamwachia.

Profesa: Wangu mimi alinivuta hadi maji ya kifua.

Kibwana: Mbona ulipita hapa suruali kavu?

Profesa: Ilikauka njiani. Kulikuwa na jua, huoni?

Nilipaswa kunyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza, anywe kahawa yake, aende nyumbani akamwambie mkewe ukweli, na mkewe amsaidie kutafuta maneno ya kumwambia mzee. Lakini mdomo wangu ulikwishazoea.

Mimi: Nyie wote hamjui. Mimi nachanganya. Mnene huku mkononi, mwembamba kule kwa samaki. Naunganisha katikati.

Injinia akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeonyeshwa kitu kikubwa. Profesa akasema ndiyo maana ya unahodha. Mungu anisamehe, nilikuja kuuliza nikaishia kufundisha, na nilifurahi kusifiwa.

Ndipo nikaona koti la kahawia linavuka barabara. Nalijua koti lile, halivuliwi hata kwa joto la mjini. Nikasimama hadi benchi likayumba.

Mimi: Shikamoo, baba!

Mzee Stefano: Marahaba, mwanangu. Hamjambo, waungwana?

Wote wakamwamkia, Kibwana akamgeuzia ndoo, mzee akakaa.

Mimi: Baba, si tulisema kesho?

Mzee Stefano: Lori limepatikana leo, nikapanda. Winfrida kaniambia nikufuate huku, unapanga safari na wenzako wavuvi. Ndio hawa?

Profesa: Ndio sisi, mzee wetu. Hapa ndipo penyewe.

Injinia: Mkwe wako ni fundi, mzee. Hapa tunamsikiliza yeye.

Ningempiga Injinia kwa pampu yake. Mzee alitabasamu, akanitazama kwa fahari, na macho yale sikuweza kuyatazama. Akatoa karatasi ya gazeti mfukoni, akaifungua gotini polepole. Ndani mlikuwa na ndoana sita na mishipi miwili, mmoja mwembamba na mwingine mnene.

Mzee Stefano: Nimepita sokoni. Muuzaji kaniuliza, mzee unataka mwembamba au mnene? Nikamwambia mimi sijui, anayejua ni mkwe wangu. Nikachukua yote miwili. Basi nifungie ndoana moja hapa, nione inavyofungwa. Macho yangu ya karibu yamekwisha, lakini mkono bado unaweza kushika. Nataka nikirudi niwaonyeshe na wenzangu wa jumuiya.

Nikachukua ule mwembamba. Nikapitisha kwenye tundu la ndoana, mara ya tatu ukapita. Nikafunga vile ninavyofunga kamba za viatu. Nikavuta kidogo, ndoana ikadondoka vumbini. Nikaiokota, nikafunga tena mara mbili, nikakaza kwa meno. Ikadondoka.

Mimi: Mkono una ganzi leo. Hebu Injinia.

Injinia akajifuta mikono kwa kitambaa chake cha oili, akajifuta tena, akajifuta mara ya tatu. Mtu anafunga mizigo ya kila aina kwenye keria za baiskeli kila siku. Akazungusha mshipi kwenye ndoana kama anavyozungusha mpira wa tyubu, mara tano, mara sita, akavuta. Mshipi wote ukateleza, ukabaki peke yake mkononi.

Injinia: Huu mshipi ni feki. Profesa, jaribu.

Profesa akavaa miwani. Akasema mwanga hautoshi, akageukia barabarani. Akasema ndoana zenyewe si za kawaida. Akajichoma kidole gumba, akakinyonya, akamrudishia mzee vitu vyake kwa mikono miwili, kwa adabu nyingi sana.

Hakuna aliyecheka, hata Kibwana. Nikamtazama Injinia, akakwepesha macho. Nikamtazama Profesa, naye akaanza kufuta miwani. Hapo ndipo nilipojua kwamba sote watatu tulikuwa wateja wa akina mama wale wa beseni. Miaka miwili tumekaa bega kwa bega tunapigana fiksi, kila mtu akidhani mwongo ni yeye peke yake. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Mzee akaokota ndoana iliyobaki vumbini, akaipuliza, akaiweka na wenzake, akakunja gazeti. Alikunja kwa makini, kona kwa kona. Alipoanza kusema sauti yake ilikuwa ya chini, na ile lafudhi ya Kiluguru ikazidi.

Mzee Stefano: Mwaka jana mama mkwe wako aliniambia kitu. Alikuwa amekamata samaki wako, anamgeuza. Akasema, baba Winfrida, hawa samaki midomo yao mizima. Samaki wa ndoana huwa kachanika mdomo.

Mimi: Baba...

Mzee Stefano: Tulikuwa na wageni, watu wa kanisani. Nikamfokea mbele yao. Nikamwambia anamwonea wivu mtoto wa watu. Nikamwambia mkwe wangu hasemi uongo. Alilia yule mama. Toka siku hiyo ukituma samaki anapika, anapakua, anakaa pembeni, hali.

Injinia akainamia tairi lisilokuwa na pancha. Profesa alitazama ndani ya kikombe, na kikombe kilikuwa kitupu. Mzee akasimama, akaweka gazeti mkononi mwangu na kunifumba vidole juu yake, bila hasira hata kidogo. Ningemshukuru kama angenipiga.

Mzee Stefano: Raphael, mwanangu. Nikirudi nyumbani, yule mama nimwambieje?

Sote wanne tulikuwa pale, mabingwa wa maneno wa Mwembesongo nzima, na mzee alisimama akisubiri.